Breki ya Kwanza ni Mwendo
Namna ya kutumia breki za gari mjini, kwenye mvua, kwenye changarawe na milimani

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia malaria, maji safi, lishe ya watoto na usafi wa jikoni. Leo tunageukia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la mafundi na madereva peke yao, nalo ni breki za gari. Huenda ukauliza, breki na afya wapi na wapi? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Maradhi yanayoua watoto wetu kwa kiasi hicho yanastahili somo kama yalivyo maradhi mengine, na kinga yake lazima ijulikane nyumbani.

Mimi jambo hili lilinigusa siku tulipokuwa tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo baada ya harusi ya jamaa yetu. Gari lilikuwa la abiria saba, sisi tulikuwa wakubwa saba na watoto wanne, na nyuma kulikuwa na magunia mawili ya viazi na ndoo za mapeasi. Shemeji yangu alikuwa anaendesha kwa gia kubwa, mguu wake ukiwa juu ya breki muda wote. Tulipopita Soni, mama yangu akasema, "Baba, kuna kitu kinaungua humu." Tukamjibu kwamba ni breki tu, zitapoa zenyewe. Kona mbili baadaye shemeji alikanyaga na pedali ikazama mpaka chini kama mtu anayekanyaga sponji. Alirudisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na mwisho akalisugua gari kwenye kingo ya mlima mpaka likasimama. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini watoto walilia sana, na sisi wakubwa tulikaa juu ya mawe karibu saa nzima bila mtu kusema neno.

Breki zile hazikuwa mbovu asubuhi ile. Ziliharibiwa na namna zilivyotumiwa. Ndiyo maana leo tunajifunza matumizi.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Unapokanyaga pedali, unasukuma mafuta maalumu yaliyomo ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayo husukuma vipande vigumu, ambavyo mafundi huviita pedi, vikabana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Magari mengi madogo yana diski mbele, na nyuma yana madramu ambayo hushikwa kutoka ndani. Mbano huo huugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Kila unaposimamisha gari, mwendo wote uliokuwa nao umegeuka joto kwenye magurudumu yako.

Hapa kuna jambo moja la kukumbuka. Ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linaipa breki kazi mara nne ya lile linalokwenda kilomita 50. Kwa hiyo breki ya kwanza ya gari ni mwendo unaouchagua wewe kabla hujaona hatari yoyote. Ile ya mguuni ni ya pili.

Tena, gari halisimami pale unapoona hatari. Jicho likiona, akili inaamua, kisha mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwa dereva aliye macho hiyo ni kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo, ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gari limeshakwenda mita 14. Kwenye 80 limekwenda mita 22, na kwenye 100 mita 28, na bado hujagusa breki. Ukijumlisha na umbali wa kusimama wenyewe, gari dogo zima kwenye lami kavu huhitaji kiasi cha mita 28 kwenye mwendo wa 50, karibu mita 57 kwenye 80, na zaidi ya mita 80 kwenye 100. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani mbele yako kwa mita 40, kwenye mwendo wa 50 utasimama kabla ya kumfikia. Kwenye 80 hutasimama.

MJINI NA KWENYE FOLENI

Mjini hatari ziko karibu karibu: bodaboda inayokatiza, daladala inayosimama ghafla, wanafunzi kwenye kivuko cha pundamilia, tuta ambalo rangi yake imefutika. Fanya yafuatayo:

1. Achia mafuta mapema. Ukiona taa za breki za gari la mbele ya lile lililo mbele yako, mguu wako uwe umeshahama. Dereva mzuri abiria wake hawainami mbele wala kurudi nyuma.

2. Tazama kioo cha nyuma kabla ya kukanyaga, ikiwa nafasi ipo. Kusimama ghafla kunaweza kukuokoa mbele kukakuletea lori nyuma.

3. Acha nafasi ya sekunde mbili. Gari la mbele likipita nguzo au mti, hesabu polepole "mia moja na moja, mia moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza kuhesabu, umemkaribia mno.

4. Mbele ya tuta maliza kupunguza mwendo kabla ya tairi kuligusa, kisha achia breki wakati wa kupanda. Anayekanyaga breki juu ya tuta huinamisha pua ya gari na kuumiza viungo vya mbele, pamoja na mgongo wa mama mjamzito aliyekaa nyuma.

WAKATI WA MVUA

Mvua za mwanzo, ziwe za vuli au za masika, ndizo zenye utelezi mbaya. Vumbi na mafuta yaliyodondoka wakati wa kiangazi huchanganyika na maji na kuifanya lami kuwa kama sahani yenye sabuni. Umbali wa kusimama huweza kufika mara mbili ya ule wa lami kavu. Basi ile nafasi ya sekunde mbili ifanye kuwa nne, na mwendo upunguze.

Maji yakiwa mengi juu ya lami na gari likienda kasi, tairi huacha kugusa barabara na kuelea. Utajua kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo usikanyage breki kwa nguvu wala usikate usukani. Achia mafuta taratibu, shika usukani sawa, subiri mwendo upungue na tairi zishike tena. Tairi lililoisha meno halina njia ya kutoa maji, na hakuna breki, hata ya gari jipya, inayoweza kusaidia tairi kipara.

Ukishapita dimbwi refu, breki zimelowa na zinaweza zisishike mara ya kwanza. Zikaushe: kwa mwendo mdogo, hali umehakikisha hakuna mtu nyuma, kanyaga pedali kidogo kidogo mara kadhaa mpaka uhisi zimeshika. Ama maji yanayokwenda kasi na kukatiza barabara, kama yale ambayo wakazi wa Dar es Salaam wameyaona bonde la Jangwani, usiyaingie. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Mahali hapo hakuna breki tena, maana magurudumu hayagusi chini.

KWENYE CHANGARAWE, VUMBI NA TOPE

Barabara zetu nyingi za kwenda vijijini hazina lami. Changarawe hubiringika chini ya tairi kama punje za mtama sakafuni. Ukikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu yanakufa, yaani yanaacha kuzunguka, na gurudumu lililokufa halifuati usukani. Gari litakwenda linakotaka lenyewe.

Kanuni ya hapa ni moja: breki hukanyagwa kwenye njia iliyonyooka, kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Ingia kona ukiwa umeshapunguza mwendo na gia, kisha toka kwa mafuta kidogo. Ukikutana na vumbi la gari la mbele, usilifuate ndani yake. Rudi nyuma mpaka uone barabara, kwa sababu huwezi kufunga breki kwa kitu usichokiona.

KUSHUKA MLIMA

Hapa ndipo penye somo kubwa la leo. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro atashuka Kitonga. Anayetoka Lushoto atashuka mpaka Mombo. Wapo wanaoshuka Sekenke na wapo wanaoshuka Mlima Nyoka kuingia Mbeya. Kanuni ni zile zile.

Kwanza, punguza mwendo na uweke gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Mafunzo ya madereva wa zamani yalikuwa kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, na kwa gari lililojaa huo ni mwanzo mzuri. Injini iliyo kwenye gia ndogo inalizuia gari lisikimbie, na breki zinapumzika. Gari la otomatiki usiliache kwenye D mlima mzima. Weka 2 au L, au alama nyingine ya gia ndogo ambayo gari lako linayo.

Pili, usiuweke mguu juu ya breki muda wote. Kanyaga vya kutosha mwendo upungue, kisha achia kabisa, uache upepo upite. Mwendo ukipanda tena, rudia. Breki inayoguswa mfululizo hupata moto. Pedi zikizidi joto hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka huwa na mapovu. Mafuta hayabonyei lakini mapovu yanabonyea, ndiyo maana pedali ya shemeji yangu ilizama.

Tatu, usiweke gia huru. Wapo madereva wanaoweka nyutro mlimani wakidhani wanaokoa mafuta. Magari mengi ya sasa, yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, hukata mafuta yenyewe unaposhuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hiyo hakuna unachookoa, umejinyang'anya tu breki ya injini. Kuzima injini ni kubaya zaidi: kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu kwenye breki kinaitegemea injini, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga.

Nne, ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kulegea, simama mahali salama mapema, wakati breki bado zipo. Pumzika zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, kwani diski ya moto ikipata maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka.

GARI LAKO LINA ABS AU HALINA?

ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasife wakati wa kufunga breki kwa nguvu. Kampuni ya Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza kwenye magari yanayouzwa mwaka 1978, na leo magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani yanao. Washa gari utazame dashibodi: taa ya njano yenye herufi ABS huwaka kisha huzimika. Isipozimika, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, ama huna mfumo huo ama taa imekufa, mwulize fundi.

Tofauti ya matumizi ni hii. Gari lisilo na ABS, katika hatari, kanyaga kwa nguvu, na ukihisi magurudumu yamekufa achia kidogo kisha kanyaga tena, upate kuligeuza gari. Gari lenye ABS, kanyaga kwa nguvu zote na usiachie, huku ukilielekeza gari mahali penye nafasi. Pedali itatetemeka na utasikia mlio. Usiogope, ndivyo inavyofanya kazi. Wengi huachia mguu wakidhani kimeharibika kitu. Lakini pia usidanganyike: kwenye changarawe, gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

BREKI ZIKIKATIKA

Achia mafuta na upige pedali haraka haraka, huenda mgandamizo ukarudi. Teremsha gia moja moja. Vuta breki ya mkono taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake, uweze kuilegeza magurudumu ya nyuma yakifa. Washa taa za hatari, piga honi mfululizo. Tafuta mpando, shamba, au kingo ya udongo ya kulisugulia gari. Usizime injini mpaka gari lisimame.

KUEGESHA

Egesha, vuta breki ya mkono, weka gia (au P kwa otomatiki). Mahali penye mteremko, geuza magurudumu ya mbele kuelekea ukingo wa barabara, ili gari likitoka liingie pembeni badala ya kwenda kwa watu. Ukitumia jiwe la kuzuia tairi, liondoe unapoondoka. Jiwe ulilolisahau barabarani usiku ni ajali ya mwenzako. Na usiwaache watoto peke yao ndani ya gari, hata kwa dakika ya kununua mkate. Mikono yao hupenda gia na breki ya mkono.

MATUNZO NA USAFI

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakinyonya huchemka mapema. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hustahimili mpaka nyuzi joto 230 au zaidi, lakini yakiingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka karibu 155. Kwa magari mengi inashauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari lako. Fundi akitaka kuongeza oili ya injini au maji ya sabuni "ya kusogezea", mkatalie. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na oili huharibu mipira yote ya breki.

Mpelekee fundi gari ukiona dalili hizi: mlio wa chuma kusuguana, pedali laini au inayozama, gari kuvutwa upande mmoja, taa nyekundu ya breki, au mafuta kupungua kwenye chupa yake. Mafuta yakipungua maana yake pedi zimeisha au panavuja, usiishie kuongeza tu.

Kwa afya ya nyumbani, mafuta haya ni sumu. Usiyaweke kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, maana mtoto hatajua. Usiyavute kwa mdomo. Yakigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni. Yakimezwa, mpeleke mtu hospitali mara moja pamoja na kopo lake. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi, huweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na nguo za gereji zifuliwe mbali na za watoto.

DEREVA MWENYEWE

Breki nzuri haina kazi ikiwa mguu umechelewa. Usingizi huchelewesha mguu. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama piritoni, huleta usingizi, basi muulize mfamasia kabla ya safari. Katika Ramadhani, anayekimbilia futari huku njaa na uchovu vimemzidi ni bora abebe tende na maji, afuturu njiani, afike salama. Kandambili huteleza na kujikunja chini ya pedali. Kanzu ndefu na baibui vikunjwe visifike miguuni. Hakikisha hakuna chupa ya maji inayobiringika sakafuni kwa dereva: ikiingia nyuma ya pedali, breki haishuki.

NENO LA MWISHO KWA FAMILIA

Ndugu msomaji, huenda wewe huendeshi gari. Hata hivyo somo hili ni lako. Siku ile Lushoto pua ya mama ilijua kabla ya mguu wa dereva, nasi tukamnyamazisha. Abiria ana haki ya kusema. Unapokodi gari la kwenda harusini au kusalimia wazee sikukuu, kataa kupakiwa kuliko viti. Mwombe dereva aweke gia ndogo kabla ya mteremko. Ukisikia harufu ya kuungua, sema, na usemwe kuwa mwoga. Dua ya safari tunaisoma, na kukagua breki ni sehemu ya kujitegemeza kwa Mola wetu kwa njia iliyo sawa.

Jumamosi hii fanyeni jambo moja nyumbani. Kabla ya kuliwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu nusu dakika. Ikizama taratibu, gari lisitoke. Isipozama, washa injini mguu ukiwa pale pale. Pedali inapaswa kushuka kidogo, na hapo utajua kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu ni kizima. Waite watoto waone. Watakumbuka siku watakapokuwa wao ndio wanaoendesha, na sisi tumekaa nyuma.

Tukutane toleo lijalo inshaallah.